Raha na Kumbukumbu: Bustani ya Umma ni ya Nani?

Jioni pale Forodhani, Unguja, moshi wa mishkaki hutanda, vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, na wauza urojo na juisi ya miwa huita wateja mpaka usiku. Ni mahali pa raha. Lakini katika karne ya 19, hapo hapo palikuwa forodha ya Sultan. Watu waliokamatwa bara waliteremshwa kutoka majahazini, wakahesabiwa ili walipiwe ushuru, sawa na pembe za ndovu zilizokuja nao. Je, ni halali kufurahi juu ya ardhi ya namna hiyo?

Swali hili haliwahusu Wazanzibari peke yao. Upande wa bara, barabara inayotoka Mandera hupita Miono ikateremka hadi Saadani, na Saadani inatazamana na Unguja. Bandari hiyo ndogo ilipokea misafara ya bara, na mtawala wake, Bwana Heri, alipigana na Wajerumani hadi mwaka 1890. Kusini yake, Bagamoyo ilikuwa kituo kikubwa zaidi cha misafara hiyo. Mwambao huu na bustani ile ya ng'ambo vina historia moja.

Bustani yenyewe ilikuja baadaye, bandari ilipokwisha kuhamia Malindi. Ilitengenezwa miaka ya 1930 na kupewa jina la jubilei ya Sultan Khalifa bin Haroub, aliyetawazwa mwaka 1911. Mwaka 1956 likajengwa tao la kumlaki Princess Margaret wa Uingereza. Yakaja Mapinduzi ya 1964, wenye enzi wakabadilika, watu wakaendelea kupunga upepo. Kadiri miaka ilivyokwenda, bustani ikachakaa na mawimbi yakaula ukuta wa bahari.

Ndipo taasisi ya utamaduni ya Aga Khan iliposhirikiana na Serikali ya Mapinduzi kuikarabati. Ukuta uliimarishwa, mitaro na taa zikatengenezwa upya, njia zikasakafiwa, miti ikapandwa, watoto wakapata pa kuchezea na wauza vyakula wakapata pa kupangia meza zao. Ilifunguliwa tena Julai 2009.

Ilikuwa kazi njema, na kila anayekaa pale jioni anaifaidi. Hata hivyo, tazama nani alipata alama katika mlolongo huo: Sultan alipata jubilei, binti wa mfalme alipata tao. Mtu anaweza kula, akashiba, akaondoka, bila kujua kwamba binadamu waliwahi kuhesabiwa kama shehena mahali alipoketi.

Wapo watakaosema marehemu hana haja ya bustani wala kibao. Dini za mwambao huu hazisemi hivyo. Mtume Muhammad alifundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja angali hai, maana yake heshima ya mtu haimaliziki kaburini. Alifundisha pia kwamba apandaye mti, akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mafundisho haya mawili yanakwenda pamoja: bustani ni tendo jema, na waliopita juu ya ardhi yake wana haki zao.

Sheria ya Musa, nayo, ilikataza ardhi kuuzwa moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ni Mungu na watu ni wapangaji wake. Mwaka 1958, katika andiko lake *Mali ya Taifa*, Julius Nyerere alijenga hoja inayokaribiana na hiyo: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe vyake, na binadamu hawezi kuidai kuwa yake kwa kuwa hakuiumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaweka jambo hilo kwa lugha ya serikali: ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Basi bustani ya umma ni amana. Mwenye kushika amana haruhusiwi kuirudisha pungufu, na miongoni mwa vilivyowekwa ndani ya ardhi ile ni kumbukumbu za waliopita. Mkandarasi anayezoa kifusi bila kuuliza kilikuwa nini huipunguza amana, hata akiacha nyasi nzuri.

Mkunazini, mwendo mfupi kutoka Forodhani, palichaguliwa njia nyingine. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, Waanglikana walianza kujenga kanisa palepale, na mwaka 1998 ikawekwa sanamu ya watumwa ndani ya shimo, imefungwa minyororo halisi. Anayefika hawezi kujidanganya. Lakini hakuna mzazi atakayetaka mwanawe acheze bembea mbele ya minyororo kila jioni, na mtoto hana deni la kulia kila siku kwa dhambi asiyoitenda.

Jibu la haki linahitaji vyote viwili. Raha si dhambi. Pengine ni ushindi kwamba mjukuu wa aliyefungwa anacheza bure mahali pale. Kinachokatazwa ni raha inayonunuliwa kwa kufuta. Hofu kwamba kukumbuka ni kuabudu wafu nayo ina jibu: kibao chenye mwaka na habari hakiombwi dua, kinasomwa.

Bara nako, vijiji vya Miono, Mkange na Mandera vina viwanja vyao: chini ya miembe na mikuyu, penye mikutano, ngoma na mpira. Vingine vina makaburi yasiyo na alama pembeni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha. Kabla ya kumwaga mchanga na kujenga vibaraza, halmashauri ya kijiji iwaite wazee, wanaume kwa wanawake, iandike waliyoyasikia kwa bibi na babu zao, ipime mipaka ya makaburi na kuyazungushia ua. Kisha watoto wapewe bembea zao. Kazi hiyo ifanywe sasa, wasimulizi wangali hai.