Kutazamia na Kutangulia

Jicho na mkono ni viungo vya mwili mmoja, lakini kazi zao ni mbali mbali. Jicho huona jambo lingali mbali. Mkono hauwezi kulishika mpaka limekaribia. Katika nafasi iliyo kati ya kuona na kushika ndimo yanamokaa matumaini ya wanadamu, na hofu zao, na sehemu kubwa ya wajibu wao. Kwa hiyo neno ambalo watu hulitumia kuitaja nafasi hiyo si neno dogo. Likigeuka maana, yafaa kuuliza kama mawazo ya watu juu ya wajibu hayakugeuka pamoja nalo.

Lugha ya Kiingereza inalo neno la namna hiyo, nalo ni kitenzi "anticipate". Leo watu wengi hulitumia kwa maana ya kutazamia au kutarajia: mfanyabiashara hutazamia faida, msafiri hutarajia kufika salama, mkulima hutazamia mvua. Hizo zote ni kazi za jicho. Lakini neno hili halikuzaliwa jichoni, lilizaliwa mkononi.

Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na kitenzi "anticipare", kilichoundwa kwa maneno mawili, moja likiwa na maana ya kabla, na la pili maana ya kutwaa. Kutwaa kabla: hiyo ndiyo maana yake yote. Kilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kilikuja na mkono wake. Mtu aliyetajwa kwa kitenzi hicho hakuwa ameketi akilingoja jambo. Alikuwa amekwisha kulifanya, au amekwisha kulizuia, kabla ya wakati wake au kabla ya mwenziwe. Askari aliyekamata kilima adui asijafika, na mtu aliyekula mapato yake kabla ya siku ya kuyapokea, wote wawili waliweza kusemwa kwa neno hilo. Kwa Kiswahili walikuwa wamewahi.

Maana ya kutazamia ilikuja baadaye, ikapata nguvu katika karne ya 18. Njia iliyoileta si ngumu kuifuata. Anayetaka kuliwahi jambo hana budi kuliona kwanza. Basi neno lililotaja safari nzima likaanza kutumika kwa hatua yake ya kwanza, na mwisho hatua ile ya kwanza ikasimama peke yake. Neno lililokuwa likisema "aliona akatenda" likawa linasema "aliona" tu. Mkono ulianguka njiani, wala wengi hawakugeuka nyuma kuutafuta.

Wako waliogeuka. Katika karne ya 20 walimu wa Kiingereza walijaribu kuirudisha maana ya kale, na mfano mmoja ulipendwa sana, wa vijana wawili waliochumbiana. Kusema kwamba wanaitazamia ndoa yao ni kuwaombea heri. Kusema, kwa maana ya kale ya kitenzi hiki, kwamba wameiwahi ni kuwashitaki kwamba wamejitwalia haki za ndoa kabla ya siku ya harusi. Watu walicheka, kisha wakaendelea kusema walivyozoea. Maana ya kale ikabaki mahali pachache, mathalani katika sheria ya hataza. Huko uvumbuzi husemwa kwa kitenzi hiki kuwa umetanguliwa, ikiwa ulikwisha kuelezwa hadharani kabla ya yule anayeuombea haki. Hapo hakuna anayetazamia chochote. Kuna aliyefika kwanza na aliyechelewa.

Kitenzi hiki kina jirani aliyesafiri kwa njia nyingine, naye ni "prevent". Kilatini chake kilikuwa na maana ya kuja mbele, yaani kutangulia. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mwimbaji wa Zaburi ya 119 atumiapo kitenzi hicho juu ya mapambazuko, haneni kwamba alilizuia jua lisichomoze; anena kwamba aliamka kabla yake. Katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza waumini humwomba Mungu kwa neno hilo hilo katika matendo yao yote, na msomaji wa leo aweza kustaajabu na kuuliza ni nani amwombaye Mungu amzuie. Hawakuomba kuzuiwa, waliomba kutanguliwa, kama mgeni amwombavyo mwenyeji atangulie njiani. Lakini aliyetangulia aweza pia kuziba njia, na maana hiyo ya kuziba ndiyo iliyoshinda. Basi majirani hawa wawili waligawana urithi. Mmoja alipoteza mkono akabaki na jicho; wa pili alibaki na mkono, na mkono ukakunjwa ngumi.

Kiswahili hakikuyachanganya mambo haya katika kitenzi kimoja. Kutazamia kumetoka katika kutazama. Kutarajia kumetoka katika Kiarabu na kumebeba harufu ya tumaini. Kuwahi, kutangulia na kukinga ni maneno ya mwendo na tendo. Kwa hiyo mfasiri akutanapo na kitenzi kile cha Kiingereza hawezi kujificha. Akiandika kwamba watawala waliitazamia njaa, au akiandika kwamba waliiwahi njaa, ametoa habari mbili zilizo mbali kama kaburi na uhai. Katika habari ya kwanza yawezekana watu wamekufa. Katika ya pili yawezekana wamekula.

Hapo ndipo habari ya neno inapogeuka kuwa swali la maadili. Je, aliyeona mbele ana deni? Wako wasemao kwamba kuona si tendo, na asiyetenda hana hatia. Mtu hakuumba ukame. Aliuona tu ukija. Lakini wahenga hawakukubali udhuru huo, nao walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii haimlaumu aliyetia ufa. Humlaumu aliyeuona akapita, na adhabu yake ameitaja kwa hesabu ya mjenzi: kazi ya kiganja kimoja cha udongo imekuwa kazi ya nyumba.

Ushahidi wa methali hiyo ulionekana Somalia. Katika nusu ya pili ya mwaka 2010 wataalamu wa hali ya hewa na chakula walitoa maonyo kwamba mvua za mwisho wa mwaka zingepungua. Zikapungua. Maonyo yakarudiwa mwaka 2011, na mvua zilizofuata nazo zikawa haba. Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu katika sehemu mbili za kusini mwa nchi tarehe 20 Julai 2011, na sehemu kubwa ya misaada ilikuja baada ya tangazo hilo. Vita na vizuizi walivyowekewa wenye kutoa misaada vilikuwa na sehemu yao kubwa katika msiba, wala si haki kuvisahau. Hata hivyo kuona hakukukosekana. Kilichokosekana ni kuwahi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa kwa sababu ya njaa hiyo kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kwa maana mpya ya kitenzi kile, njaa hiyo ilikuwa "anticipated". Kwa maana ya kale haikuwa.

Mtu aweza kuhukumu upesi, basi, kwamba maana ya kale ilikuwa bora, na kwamba heri mkono utanguliao kuliko jicho litazamialo. Lakini hukumu hiyo ina hatari yake, na aliyeionyesha vyema ni Shakespeare, katika tamthilia yake ya Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili ikachapwa mwaka 1968. Macbeth, aliyeupata ufalme kwa kuua, anaonywa kwa uaguzi ajihadhari na Macduff. Muda si muda anapata habari kwamba Macduff amekwisha kukimbilia Uingereza. Hapo anatumia kitenzi hiki hiki, kwa maana yake ya kale, kuulalamikia wakati kwamba umemwahi. Naye anaazimu kwamba tangu saa ile wazo la moyoni na tendo la mkono havitakuwa na nafasi kati yao. Tendo lake la kwanza baada ya azimio hilo ni kutuma wauaji katika ngome ya Macduff, wamwue mkewe na watoto wake. Watoto hao hawakuwa wamefanya lolote. Walikufa kwa jambo ambalo mwingine alilihofu.

Basi jicho lisilo na mkono laweza kuwaacha watu wafe, na mkono usioacha nafasi ya kufikiri waweza kuwaua wenyewe. Kipimo cha kutenga kutangulia kwema na kutangulia kuovu hakiwezi kuwa wepesi wa tendo, kwa maana Macbeth alikuwa mwepesi. Wala hakiwezi kuwa uhakika wa jambo lijalo, kwa maana hakuna mwanadamu aliye nao. Kila atanguliaye hutangulia gizani kidogo, na yamkini atakosea. Kipimo kilichobaki ni kuuliza: akikosea, hasara ataibeba nani? Azibaye ufa ambao pengine usingepanuka amepoteza udongo wake na jioni yake. Amwadhibuye jirani kwa kosa ambalo pengine asingelitenda amepoteza kitu kisicho chake, wala hawezi kukirudisha.

Sheria ya Kiingereza ilikutana na swali hilo katika kesi iliyoamuliwa London mwaka 1853. Bwana mmoja, De la Tour, alikuwa amemwajiri Hochster amsindikize safarini Ulaya kuanzia tarehe 1 Juni 1852. Tarehe 11 Mei akamwarifu kwamba hamhitaji tena. Hochster alifungua mashitaka siku kumi kabla ya siku ya kazi kufika. Ilitetewa kwamba mapatano hayawezi kuvunjwa kabla ya siku yake, na kwamba mlalamikaji alipaswa kungoja. Mahakama ilikataa utetezi huo, ikaona si haki kumlazimisha mtu akae bure akiingoja hasara aliyokwisha kuambiwa. Uvunjaji wa namna hiyo ukapata jina katika sheria kwa kitenzi hiki hiki. Kwa sura ya nje Hochster na Macbeth wanafanana: wote hawakungoja. Lakini Hochster hakutegemea uaguzi. Alitegemea tamko la mdaiwa mwenyewe. Tena alichotaka ni fidia mbele ya hakimu, ambako mwenziwe angeweza kujibu. Watoto wa Macduff hawakuulizwa neno.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mkono uliopotea umeanza kurudi. Katika karne ya 21 watoaji wa misaada wamelirudisha neno hili katika maana yake ya kwanza, wakilitumia kwa kazi ya kutoa fedha kabla ya maafa badala ya baadaye. Mwezi Julai mwaka 2020, utabiri ulipoonyesha mafuriko makubwa Bangladesh, mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa ulitoa dola milioni 5.2 za Marekani kabla maji hayajafikia kilele. Kama mto ungalitulia, hasara ingalikuwa ya mfuko, na fedha hizo zingalikuwa zimewafikia maskini hata hivyo. Hilo ni kosa ambalo dhamiri yaweza kulivumilia.

Maana za maneno hugeuka, wala hakuna sheria ya kuzifunga mlangoni. Lakini atumiaye neno lenye jicho bila mkono yafaa akumbuke lilikotoka. Kuona mbele si fahari. Ni mkopo aliokopeshwa mwenye macho kwa niaba ya wasioona, na mkopo huo hulipwa kwa kutangulia: kwa udongo wake mwenyewe, kwa jioni yake mwenyewe, kabla ufa haujawa mlango.