Wazo la Leo: Lori Linalofuata Mahindi

Familia inayohama Dar es Salaam kwenda Mpanda, mkoani Katavi, haina haja ya kukodi lori zima. Msimu wa mavuno malori hufuata mahindi na mpunga Katavi, na lori linalokwenda bila mzigo hubeba vyombo kwa bei ya maelewano.

Reli nayo ipo. Tawi la Reli ya Kati kutoka Kaliua hadi Mpanda, takribani kilomita 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Leo linasafirisha abiria na mizigo.

Vitanda na makabati mazito yauzwe kabla ya safari. Katavi ni nchi ya miombo, na mafundi seremala wake huchonga samani za mninga.