Kichurachura cha Mtu Mzima

Aliyesoma shule za Tanzania anakijua kichurachura: unachuchumaa, unashika masikio, unaruka mpaka mwalimu aridhike. Karani mmoja wa Dar es Salaam, umri umevuka arobaini na mazoezi ameyaacha zamani, alikutana nacho upya kwenye bonanza la ofisi. Kijana wa idara nyingine alimtania kuhusu kitambi, wakawekeana dau la kreti ya soda. Bwana mkubwa akavua viatu, akauzunguka uwanja mzima wa mpira kwa kichurachura. Alishinda. Jioni yake alikuwa anatafuna nyama choma na kutamba, hana hata kaumivu.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Misuli ikifanyishwa kazi isiyoizoea hailalamiki siku hiyohiyo. Maumivu huanza taratibu, yakapamba moto kati ya saa 24 na 72. Jumapili karani aliamka amekakamaa. Jumatatu alishuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, na chooni kuchuchumaa kukawa mtihani: alijishusha kwa kushikilia bomba, akamwita mwanawe aje kumwinua.

Jirani akatangaza kwamba asidi imegandia mapajani. Hadithi hiyo ni kongwe na makocha bado wanaisimulia, ila asidi ya laktiki huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja au mbili za mapumziko, haingoji Jumatatu. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizojeruhiwa, pamoja na uvimbe unaofuata wakati mwili unazitengeneza. Nazo huumia zaidi msuli unapokaza huku unavutwa urefuke, jinsi paja linavyofanya kila mrukaji anapotua. Muulize aliyepanda Kilimanjaro: mapaja humtesa baada ya kuteremka njia ya Mweka kuliko baada ya kukwea mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wapagazi wanaushuka mteremko uleule wamebeba mizigo, lakini misuli yao imeshauzoea. Hata kipimo kidogo cha kazi mpya huikinga misuli kwa wiki kadhaa, na kinga hiyo kunyoosha viungo dakika tano kabla ya mchezo hakuileti.

Karani hakuwa na subira. Kutembea polepole, kula, kulala na kuchuliwa kwa mkono mwepesi kungemtosha kama yangekuwa maumivu ya kawaida. Yeye alimeza vidonge vya diklofenaki zaidi ya kipimo, maji hanywi, kisha akamruhusu jirani amkande kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu zote. Jumanne mapaja yalikuwa yamevimba, miguu haina nguvu, na mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

“Baba watoto, hii si ya kungoja kesho,” mkewe alisema, akaita bajaji.

Daktari aliuangalia mkojo, akauliza: “Mzee wangu, juzi ulifanya kazi gani nzito?” Misuli ikivunjika kwa wingi humwaga kwenye damu protini iitwayo maiyoglobini, nayo inaweza kuziumiza figo mpaka zishindwe kazi. Diklofenaki nayo hupunguza damu inayofika kwenye figo, tena kwa mtu aliyepungukiwa maji. Karani alilazwa, dripu juu ya dripu, damu ikipimwa kila siku. Figo zilipona. Wapo ambao huishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Alipopata ruhusa ya kuanza tena, alipewa masharti ambayo angeyacheka kabla ya bonanza. Kwanza matembezi tu. Kisha achuchumae mara chache, ameshika mgongo wa kiti, apumzike siku mbili, asikilize mapaja yanasemaje ndipo aongeze. Yakiuma kidogo, aendelee kutembea. Yakivimba, yakilegea au mkojo ukibadilika rangi, aende hospitali siku hiyohiyo, na huko nyumbani asiguse kidonge cha maumivu wala asimpe mtu paja alichue.