Mji na Malisho Yake

Twasoma katika kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kwamba Mwenyezi Mungu alipoamuru Walawi wapewe miji ya kukaa, hakutaja nyumba tu. Kila mji uliwekewa malisho pande zote, dhiraa 1,000 toka ukutani. Tena kitabu cha Walawi, sura ya 25, chakataza malisho hayo yasiuzwe kamwe.

Tuitazame basi miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 540,000. Hao wote wahitaji mahali pa kulala, na maskini atafutaye kiwanja hatendi kosa. Lakini nyumba zaenea chini ya mlima Loleza hata Uyole, mahali panapojulikana nchini kote kwa utafiti wa kilimo. Iringa nao, mji uliojengwa juu ya kilima, wateremka kulielekea bonde la Ruaha Mdogo.

Katika mabonde ya Iringa wazee walilima vinyungu, yaani bustani za bondeni, zilizowapa mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa makavu. Kinyungu kikiisha kukatwa viwanja, hakirudi. Mama aliyechuma mboga sasa hana budi kuzinunua. Mvua ikikosa udongo wa kuinywa yaingia nyumbani mwa watu. Taka nazo zachukuliwa mpaka mtoni, na maji ya mto huo ndiyo yaendayo Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, tuitii sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapo paachiwe nyasi na miti ya asili, wala si mikaratusi inywayo maji mengi. Bustani zikae nyuma yake. Pili, wakuu wa miji wakipima viwanja watenge mahali pa kulima na pa watoto kucheza, na mahali hapo pasigeuzwe baadaye kuwa maduka.

Tatu, tujichunguze sisi wenyewe. Je, uwanja wa parokia yetu una mti hata mmoja wa matunda? Jumuiya yetu yaweza kulima bustani kwa ajili ya wajane na wagonjwa? Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hiyo haikuondolewa kwa wakaao mjini.

Nawe baba mwenye shamba pembezoni mwa mji, mnunuzi akija na fedha mkononi, usitie sahihi siku hiyo. Keti kwanza na mkeo na watoto wako, mkaombe pamoja. Ukilazimika kuuza, usiuze lote. Fedha za kiwanja zaweza kwisha kabla ya mwaka kwisha, bali udongo uliotunzwa utawalisha hata wajukuu.

Mungu atujalie busara ya kujenga, na busara ya kuacha mahali bila kujenga.