Kijana wa Mautuma, Ijenge F-5 Yako

Chukua rula ya shule, ile ya sentimita 30, uilaze mezani. Huo ndio urefu wa ndege yako ya kivita. F-5E, jeti ambayo Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianza kuipokea mwaka 1978, ina mita 14.45 kutoka pua hadi mkia. Gawanya kwa 48, ndiyo skeli ya modeli utakayoiunda, unapata sentimita 30 na milimita moja. Mabawa yake, mita 8.13 kutoka ncha hadi ncha, yanakuwa sentimita 17 kasoro kidogo. Kimo chake, mita 4.08, kinakuwa sentimita nane na nusu. Ndege nzima inatua juu ya daftari lililofunguliwa.

Kugawanya umefundishwa. Rula unayo. Maboksi yanatupwa nyuma ya kila duka sokoni. Basi nakuuliza wewe uliyemaliza shule, au uliye bado darasani, hapo Mautuma katika eneo bunge la Lugari: unangoja nini?

Najua jibu la haraka. Utaniambia modeli za plastiki, zile zinazokuja ndani ya kasha na vipande vilivyokwisha kutengenezwa, zinauzwa mbali na kwa bei isiyoshikika. Ni kweli. Lakini anayenunua kasha hupewa maumbo yaliyokwisha kufikiriwa na mtu mwingine. Wewe utayafikiria mwenyewe, na hapo ndipo elimu ilipo. Watoto wa magharibi mwa Kenya wamekuwa wakiunda magari ya waya na ya mabua ya mahindi vizazi kwa vizazi. Mikono ipo. Ninachokudai ni kitu kimoja tu ambacho gari la mabua halikukudai: kipimo. Kuanzia leo usikate chochote kwa kukadiria.

Usidhani huu ni mchezo wa watoto wasio na kazi. Mapema mwaka 1942, Marekani ikiwa ndiyo kwanza imeingia vitani, Jeshi la Majini la nchi hiyo liliwaomba wanafunzi wa shule waliundie modeli za ndege 500,000. Zilichongwa kwa mbao, kwa skeli ya 1 kwa 72, zikapakwa rangi nyeusi, ili wanajeshi wajifunze kutambua kwa kivuli tu ndege ipi ni ya adui na ipi ni ya rafiki. Fikiria uzito wa kazi hiyo. Bawa lililokosewa lingeweza kumfundisha askari umbo la uongo. Na waliopewa kazi hiyo walikuwa vijana wa rika lako, wakiwa na visu, msasa na michoro.

Kwa nini F-5, na si lori au nyumba? Kwa sababu jeti haina mstari usio na sababu. Tazama mchoro wake kutoka juu. Pale mabawa yanapoungana na mwili, mwili unabana, unapata kiuno, kisha unatanuka tena kuelekea kwenye injini. Hilo si pambo. Mwaka 1952 mhandisi Mmarekani Richard Whitcomb alionyesha kwamba ndege inapokaribia kasi ya sauti, upinzani wa hewa hutegemea jinsi unene wote wa ndege, mwili pamoja na mabawa, unavyobadilika kutoka mbele hadi nyuma. Mabawa yakiongeza unene, mwili sharti upunguze. Ukisoma jambo hilo kitabuni utalisahau baada ya mtihani. Ukilikata kwa wembe katika vipande vya boksi vitakavyokuwa mbavu za mwili wa ndege, ubavu baada ya ubavu, ukaona mbavu za katikati zinapungua na za nyuma zinaongezeka, halitakutoka.

Na ujue historia ya kitu unachokiunda. Jeshi la wanahewa lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, nusu mwaka baada ya uhuru. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wake walijaribu kuipindua serikali, jeshi hilo likavunjwa na kuundwa upya. Oktoba 2011, Kenya ilipoingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, F-5 zilikuwa vitani. Ni silaha, na silaha huua. Anayeiunda kwa mikono yake anapaswa kulijua hilo kuliko anayeipigia makofi ikipita juu ya uwanja siku ya sherehe.

Sasa tuingie kazini. Nenda saiba, tafuta mchoro wa F-5E wa pande tatu: juu, ubavuni na mbele. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, kwa hiyo ndege yako itaizidi kwa milimita nne. Usikubali ipunguzwe ili itoshe! Chapisha vipande viwili uviunganishe, au hamishia vipimo kwenye manila kwa mkono, jambo ambalo ni bora zaidi kwa sababu kila nukta itapita kichwani mwako.

Mita moja ya ndege halisi ni sentimita mbili na kidogo mezani pako. Ukiweka ubavu mmoja wa boksi kila baada ya sentimita mbili utapata mbavu kama kumi na tano. Zitoboe katikati, zipitishe kwenye kijiti kilichonyooka, zigandishe. Kisha zivishe ngozi ya manila, vipande vyembamba kwa urefu, ukipaka gundi nyeupe juu na ndani. Ikikauka, msasa laini; kisha gundi tena, msasa tena. Ndege nyingi za kweli hujengwa hivyo hivyo, mbavu ndani na ngozi nje, ila zao ni za alumini. Mabawa ya F-5 ni membamba mno, kwa hiyo karatasi mbili za manila zilizogandishwa na kubanwa chini ya vitabu usiku kucha zinatosha. Vifuniko viwili vya kalamu vinakuwa matundu ya injini zake mbili. Magurudumu yakate kwenye ndala iliyochakaa.

Kioo cha rubani ndicho kitakachokutesa, nacho ndicho kitakachokutofautisha na wengine. Chonga umbo lake kwa mti mlaini, lipige msasa mpaka liteleze. Kata chupa ya soda ya plastiki, ingiza umbo hilo ndani, shikilia kwa koleo juu ya makaa kwa mbali huku ukizungusha. Plastiki itajikunyata na kulikumbatia umbo. Ifanye kazi hiyo nje, penye hewa, na mdogo wako asiwe karibu. Ya kwanza itapinda au itapata ukungu. Fanya nyingine. Chupa hazitakwisha.

Rangi isiwe ya kung'aa. Kitu kidogo kinachong'aa hufanana na kitu kidogo. Rangi ya maji ya ukutani, inayokauka bila mng'ao, huipa ndege ukubwa. Alama ya duara yenye rangi za bendera ichore kwa bikari yako ya hisabati.

Ukimaliza, hujamaliza. Ipige picha.

Wengi wataona picha ni ya kujionyesha tu. Mimi nasema picha ni mkaguzi. Jicho lako linaipenda kazi yako na linakuficha makosa. Simu haina upendo huo. Ufa kati ya bawa na mwili, mkia ulioegemea upande mmoja, tone la gundi kwenye kioo, vyote vitatokea. Rekebisha, piga tena. Kijana atakayezoea kuikagua kazi yake hivyo hataogopa fundi yeyote wala mhandisi yeyote.

Amka mapema, kwa maana huko kwenu mvua hupenda mchana, na jua la asubuhi linapopiga kwa ubavu huonyesha kila mstari. Beba meza ndogo hadi ukingoni mwa uwanja wa mpira. Chunga udongo mkavu kwa kichujio cha chai, umwage mezani uwe uwanja wa ndege. Usiache hata changarawe moja, kwa sababu kijiwe cha sentimita moja katika skeli yako ni jabali la karibu nusu mita. Panga meza ili ukingo wake upotee mbele ya mikaratusi ya mbali na anga halisi ya Mautuma. Kisha geuza simu juu chini, kamera iguse udongo. Mtu mzima aliyesimama kando ya ndege hiyo angekuwa na kimo cha sentimita tatu na nusu, na kamera inapaswa kuona pale yanapoona macho yake. Ukipiga kutoka juu, dunia nzima itajua ni karatasi. Rudi nyuma kidogo badala ya kusogea karibu mno. Nayo simu ina faida hapa: kihisi chake cha picha ni kidogo, kwa hiyo pua ya ndege na miti ya nyuma vitatoka vikiwa wazi pamoja, jambo linalowasumbua wenye kamera kubwa.

Njia hii ilimpa jina Mmarekani Michael Paul Smith, aliyeunda magari na majengo ya mji wa kubuni alioupa jina Elgin Park, akaviweka juu ya meza nje, akavilinganisha na barabara na miti ya kweli, akapiga kwa kamera ndogo ya kawaida. Waliotazama picha zake walidhani wanaona mtaa halisi.

Lakini mfano ninaotaka uubebe ni wa karibu zaidi. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kongo, akaenda Kinshasa akiwa kijana, akaanza kuunda majengo kwa karatasi, maboksi na mikebe. Alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa, hawakuamini kwamba ni yake. Wakamtaka aunde nyingine mbele yao. Akaunda. Wakamwajiri. Mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la sanaa ya kisasa la MoMA la New York lilifungua maonyesho makubwa ya miji yake ya karatasi. Siku yako ya kuambiwa "hii hukuitengeneza wewe" itafika. Hifadhi picha za kila hatua, kutoka ubavu wa kwanza, na uwe tayari kuunda nyingine mbele ya yeyote.

Kenya inawahitaji watu wa namna hiyo. Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa angani. Uhandisi wa ndege unafundishwa katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, na Embakasi kuna chuo cha usafiri wa anga. Hakuna anayekuhakikishia nafasi huko kwa sababu ya ndege ya boksi. Ila ukifika mbele ya mwalimu ukiwa umekwisha kushika mbavu, ngozi, skeli na kiuno cha Whitcomb, utakuwa unazungumza kama mtu aliyefanya.

Angalizo moja, nalo si la kupuuzwa: usiende kupiga picha kambi ya jeshi kutafuta mfano. Kambi zinalindwa kisheria. Picha zilizochapishwa zinatosha.

Wazazi, mkimwona kijana ameinamia boksi kwa saa tatu, mwacheni, na mkiweza mnunulieni gundi. Walimu wa Sekondari Msingi, mnalo somo la Mafunzo ya Kiufundi ya awali. Toeni meza moja na ukuta mmoja wa kubandika picha. Na wewe, kijana, Jumamosi hii chapisha mchoro, pima, kata ubavu wa kwanza. Usipungue hata milimita moja.