Theluji Isiyosadikiwa



Yohana 20 yatupa habari za Tomaso, aliyekataa kusadiki mpaka atie kidole chake katika alama za misumari. Sisi tuliofundisha darasani miaka mingi hatumlaumu sana. Mwanafunzi aulizaye ni afadhali kuliko yule aitikiaye tu, "Ndiyo, mwalimu." Lakini wako wasiosadiki wa namna nyingine, na mlima wa Kilimanjaro ni shahidi wao.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa CMS aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya kilele cha mlima ule. Kiongozi wake wa safari hakuwa na jina la kitu kile. Aliuita weupe ule "baridi" tu. Hapo Rebmann akatambua kuwa ni theluji. (Mwaka uo huo mwenzake Krapf alifika huku kwetu Usambara, kwa Mfalme Kimweri wa Vuga.)

Habari zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, bingwa wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley alizikanusha. Theluji karibu na Ikweta! Naye alikuwa hajakanyaga bara hili. Tomaso angalau alikuwa tayari kunyoosha mkono. Bwana huyu alitosheka na vitabu vyake. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda zaidi ya meta 4,000, na theluji ikamwangukia. Rebmann alikaa Rabai mpaka mwaka 1875, akarudi kwao Ujerumani akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Macho yake yalizimika, na kile alichokiona kilikuwa bado kipo.

Leo tunaambiwa habari nyingine. Tangu mwaka 1912 zaidi ya nne kwa tano ya barafu ya Kilimanjaro imeyeyuka, na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba yaelekea itakuwa imekwisha kabisa kufikia mwaka 2050. Tumewasikia wengine wetu, hata baada ya ibada, wakisema kwamba haya ni maneno ya wataalamu tu, kwani Mungu hawezi kuuvua mlima wake kilemba. Je, tumekwenda kutazama? Katika Ayubu 38 Mungu amwuliza Ayubu kama amepata kuingia katika ghala za theluji. Ayubu hakujibu kwa kubisha. Aliweka mkono kinywani.

Wajukuu wetu watakapokuwa watu wazima, huenda wataambiwa kwamba mlima uliozaliwa kwa moto, katika nchi ya joto, ulivaa theluji mwaka mzima, nao watacheka. Shahidi wao ni nani, kama si sisi tuliouona?

Kutoka Mtae, asubuhi isiyo na ukungu, Kibo huonekana. Mwendo si mrefu kutoka Rangwi. Wazazi, wapelekeni watoto wa Shule ya Jumapili mapema, kabla mawingu hayajapanda.