Jabir alinunua ngamia

Muhula uliopita nilipewa amana ya kuwafundisha wenzetu wa mwaka wa kwanza namna ya kutafuta chanzo cha Hadithi. Nilifundisha kwa simu baada ya Isha, maana wengine wanakaa Goma na usiku si wakati wa kuvuka Petite Barrière. Nikawapa ile Hadithi mashuhuri ya kutafuta elimu mpaka China. Kwa Maktaba Shamila, dakika tatu hazikupita: imepokewa na Bayhaqi. Wote wamepata. Nikafurahi, nikafunga darasa.

Wiki iliyofuata mmoja wao akaitoa kwenye mawaidha, kwa sauti ya yakini, kuwa kasema Mtume (s.a.w.). Na Bayhaqi mwenyewe, palepale alipoipokea, anaeleza kuwa isnadi yake ni dhaifu. Ibn al-Jawzi ameitia katika kitabu chake cha Hadithi za kuzuliwa. Hili si kosa la mtihani. Dhambi ni ya nani: aliyesema, au mimi niliyemfundisha kupata bila kusoma?

Mwanzoni nililaumu simu. Nikawaita wa Gisenyi msikitini tukafungua majalada. Ukishika kitabu, jicho hupita juu na chini ya kile unachokitafuta, na usipoelewa, mwenzako anakuona usoni. Lakini dada mmoja wa Goma, mwenye mtoto mchanga, alitumiwa picha za kurasa zilezile, na kabla ya wale wa msikitini yeye ndiye aliyeuliza: "Kaka, mbona Bayhaqi mwenyewe anaitilia shaka?"

Jabir bin Abdillah (r.a.) alikwisha ipata Hadithi moja kupitia mtu mwingine. Hata hivyo alinunua ngamia, akasafiri mwezi mzima mpaka Sham aisikie kwa Abdullah bin Unays. Maneno alikuwa nayo tayari! Alichokifuata, naona mimi, ni kumkabili aliyeisikia.

Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuja, aje. Ila kulifanya sharti kwa wote ni kumdhulumu yule dada, kana kwamba mpaka unapunguza haki yake ya elimu. Siku hizi sipokei jibu mpaka mtu anisomee kwa sauti mistari ya juu na ya chini, awe mbele yangu au kwenye simu, mmoja mmoja. Bando linakwisha haraka. Wawili wameshaacha. Yule dada bado yupo. Mtoto akilia, tunamsubiri.